Filamu Moja, Mara Nyingi: Desturi ya Kurudia Sinema kutoka Mogadishu na Pwani hadi Waberi

Desturi ya kuitazama filamu ileile mara nyingi katika jumba la sinema, ambayo ilidumu katika miji ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya nusu karne, huelezwa kwa kawaida kuwa ni zao la uhaba: kwamba mikanda ilikuwa michache, kwamba meli za kutoka Bombay zilichelewa, na kwamba watu walirudi ukumbini kwa kuwa hapakuwa na jipya la kutazama. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi, na upungufu wake huonekana wazi zaidi yanapopelekwa Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kwa watu waliolelewa katika utamaduni wa ushairi unaohifadhiwa kichwani. Watu hao, walipokutana na filamu, waliitendea kama walivyozoea kulitendea shairi, yaani waliisikiliza tena na tena hadi ikawa mali yao. Waberi, mojawapo ya wadi nne za eneo la Garissa mjini pamoja na Township, Galbet na Iftin, inabeba katika jina lake ishara ya ukoo huo wa kiutamaduni, kwa maana neno hilo la Kisomali, lenye maana ya mapambazuko, ndilo pia lililokuwa jina la Waaberi, kundi la taifa la muziki na maigizo la Somalia, ambalo nyimbo zake zilivuka mipaka ya nchi kwa njia ya redio na kanda na kusikilizwa popote palipokuwa na wasemaji wa Kisomali.

Historia ya sinema katika eneo hili haina budi kuandikwa kama historia ya barabara kabla ya kuwa historia ya majengo, na sababu yake ni ya kisiasa. Serikali ya kikoloni iliitenga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa kifupi kama NFD, kwa kuitumia sheria ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za mbali, na kuanzia mwaka 1926 wilaya hiyo ilihesabiwa kuwa eneo lililofungwa, ambalo mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 ikaongeza mamlaka ya maofisa juu ya mienendo ya wafugaji. Uhuru haukuuondoa mfumo huo. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi wa Desemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera mpya kupandishwa, vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi mwaka 1967, na masharti ya kipekee ya kiusalama yakabaki juu ya mkoa huo hadi mwaka 1991. Sinema ni biashara ya usiku, na inataka vitu vitatu ambavyo utawala wa namna hiyo haukuvitoa kwa urahisi: watu kutembea baada ya jua kuzama, watu kukusanyika bila kutiliwa shaka, na umeme wa kutegemewa, ambao Garissa iliupata kwa miaka mingi kutoka kwa mitambo ya dizeli iliyokuwa peke yake, mbali na gridi ya taifa.

Yalikuwapo, bila shaka, magari ya sinema ya serikali na ya makampuni ya matangazo, yaliyozunguka vijijini na kutandaza kitambaa cheupe uwanjani ili kuonyesha filamu za afya, za kilimo na za sabuni. Jaribio la kwanza kubwa la aina hiyo katika Afrika Mashariki lilifanywa kati ya mwaka 1935 na 1937 kutoka Vugiri, Tanganyika, na katika miongo iliyofuata mwito wa "sinema leo!" ulijulikana katika vijiji vingi vya Kenya. Lakini filamu hizo zilichaguliwa na mwonyeshaji, si na mtazamaji, na kwa hiyo hazihusiani sana na desturi inayojadiliwa hapa, kwa kuwa anayerudia filamu kwa hiari yake, na kwa fedha yake, hufanya tendo la uchaguzi.

Uchaguzi huo ulifanyika kwanza katika miji ambayo mfanyabiashara wa ng'ombe, dereva wa lori, mwanafunzi au askari kutoka Garissa aliifikia kwa safari. Upande wa magharibi, umbali wa takriban kilomita 370, ilikuwapo Nairobi, ambako Wasomali walikuwa wameshika makazi ya Eastleigh tangu zama za ukoloni, na ambako jumba la Shan lililoko Ngara, jengo ambalo leo linajulikana kama Sarakasi Dome, lilionyesha filamu za Kihindi kwa mwendo mfupi kutoka mtaani mwao. Upande wa kusini ilikuwapo Mombasa, yenye majumba kama Regal, Majestic na Naaz, na nyuma ya Mombasa ilikuwapo Zanzibar, mji uliokuwa na mazoea ya sinema kuliko miji mingi ya bara hili, ambako Hassanali Adamjee Jariwalla alijenga jumba la Royal mwaka 1921, likaja kuitwa Majestic, likaungua, na likajengwa upya mwaka 1955 kwa mtindo wa kisasa wa wakati ule. Upande wa mashariki, kupitia Liboi na Kismayo, ilikuwapo Mogadishu, mji uliorithi kutoka kwa Waitaliano majumba kama Supercinema na Cinema Centrale, na ambako filamu za Marekani zilifika zikisema Kiitaliano.

Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtazamaji wa Mogadishu, kama wa Mombasa na wa Zanzibar, aliingia ukumbini akijua kwamba hataelewa maneno yote, kwa sababu filamu ilikuja kwa Kiitaliano, kwa Kiingereza, kwa Kiarabu au kwa Kihindi, na mara nyingi haikuwa na maandishi yoyote ya tafsiri ambayo yeye angeweza kuyasoma. Kisomali chenyewe hakikuwa na maandishi rasmi hadi mwaka 1972. Kwa mtu wa namna hiyo kuitazama filamu mara moja kulikuwa sawa na kulisikia shairi kutoka chumba cha pili: aliupata mwendo, akaukosa undani. Mara ya kwanza ilimpa kisa na sura za watu, yaani nani ni stelingi, neno ambalo katika Kiswahili cha sinema lina maana ya shujaa wa filamu, na nani ni adui. Mara ya pili, kwa kuwa hakushughulika tena na swali la nini kitatokea, sikio lake lilipata nafasi ya kufuata maneno. Mara ya tatu aliyatarajia maneno kabla hayajatamkwa.

Filamu ya Kihindi ndiyo iliyolipa juhudi hiyo kuliko nyingine zote, na sababu moja, ambayo haipewi haki yake katika maandishi mengi kuhusu sinema, ni ya msamiati. Lugha ya filamu za Bombay, hasa zile za kati ya miaka ya 1950 na 1980, iliandikwa kwa sehemu kubwa na washairi na waandishi wa Kiurdu, na kwa hiyo ilijaa maneno yenye asili ya Kiarabu. Mswahili aliyemsikia mwigizaji akitamka duniya, waqt, kitaab, safar, shak na zulm alisikia dunia, wakati, kitabu, safari, shaka na dhuluma zikiwa zimevaa nguo za kigeni. Na Msomali, ambaye kwake yeye wakati ni waqti, safari ni safar, shaka ni shaki na dhuluma ni dulmi, alisikia hivyohivyo. Kwa mkazi wa Garissa, ambaye kwa kawaida anazo lugha hizo mbili kinywani, milango ilikuwa miwili. Zaidi ya hayo, maneno yaliyopita kwenye milango hiyo yalikuwa ndiyo nguzo za kisa: hakimu, mwana na mama wanazungumza juu ya dhuluma, ahadi, heshima na mauti. Kila alipoirudia filamu, mtazamaji alivuna maneno mengine machache, na kisiwa cha ufahamu kikapanuka hadi kikakaribia kuwa nchi kavu.

Hii ndiyo maana filamu kama Awaara ya mwaka 1951, ambamo Raj Kapoor anacheza nafasi ya kijana aliyekataliwa na baba yake hakimu, na Mother India ya mwaka 1957, ambamo Nargis ni mama anayelea watoto peke yake chini ya mkopeshaji dhalimu, ziliweza kurudishwa katika majumba ya Afrika Mashariki miaka mingi baada ya kutolewa, na bado zikajaza viti. Hazikuwa filamu za fumbo, ambazo uhondo wake huisha siri inapofichuka. Zilijengwa juu ya mgongano wa wajibu na mapenzi, na mgongano wa namna hiyo hausuluhishwi kwa kuujua mwisho wake. Mtu anayemwona Nargis akielekeza bunduki kwa mwanawe mwenyewe kwa mara ya tano halii kidogo kuliko yule anayemwona kwa mara ya kwanza, na inawezekana kabisa kwamba analia zaidi, kwa kuwa alianza kuyaona yakija tangu mtoto yule alipokuwa mdogo.

Utamaduni wa Kisomali ulikuwa tayari na jina la mtu anayesikiliza kwa namna hii. Waliitwa hafidayaal, yaani wahifadhi, ambao walijifunza kwa moyo mashairi marefu ya watunzi mashuhuri, hasa ya utenzi mzito uitwao gabay, na kuyapeleka kutoka kisima hadi kisima bila kuandika herufi moja. Mashairi ya kisiasa ya Sayyid Mohammed Abdulle Hassan, aliyepigana na Waingereza na Waitaliano hadi kufa kwake mwaka 1920, yalienea kwa njia hiyo. Mhifadhi alitakiwa kulitaja jina la mtunzi na kulitoa shairi kama lilivyotungwa, bila kupunguza wala kupamba. Uaminifu huo ulipatikana kwa kurudia tu, na kurudia hakukuwa ishara ya uvivu wa akili bali kulikuwa kipimo cha heshima kwa kazi. Tamthilia za jukwaani za Mogadishu, ambazo sehemu zake nzito zilisemwa kwa mashairi, ziliihamisha desturi hiyo kutoka malishoni hadi mjini. Mtazamaji wa sinema alipoketi gizani akitamka maneno ya mwigizaji kwa sauti ya chini, alikuwa anaifanya kazi ya kale mahali papya.

Wahindi wenyewe waliligundua jambo hili kutoka upande wao. Sholay, iliyotolewa tarehe 15 Agosti 1975 na ambayo ilionyeshwa kwa miaka mitano mfululizo katika jumba la Minerva mjini Bombay, ilikuwa na watazamaji waliokuwa wakisema mazungumzo yake pamoja na waigizaji, na kampuni ya Polydor, ilipoona hivyo, ilitoa sahani ya santuri iliyokuwa na mazungumzo ya filamu hiyo badala ya nyimbo zake peke yake, nayo ikanunuliwa kwa wingi. Sauti ya Amjad Khan katika nafasi ya jambazi Gabbar Singh ikawa kitu cha kusikilizwa nyumbani, kama inavyosikilizwa kaswida au hotuba. Baadaye Dilwale Dulhania Le Jayenge, iliyoanza kuonyeshwa mwezi wa Oktoba 1995 katika jumba la Maratha Mandir la mji huohuo, ilitimiza wiki 1,000 mwezi wa Desemba 2014, muda ambao hauwezi kuelezwa kwa uhaba wa filamu katika mji unaozitengeneza kwa mamia.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kilichobebwa kutoka ukumbini kwa wingi zaidi kilikuwa wimbo. Mombasa ilizaa aina nzima ya taarabu iliyochukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyatilia mashairi ya Kiswahili, na bingwa wake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alisikilizwa kwa hamu katika mwambao wote. Kabla ya kanda za kaseti kuwa nafuu, wimbo wa filamu ulipatikana kwa njia mbili tu, redio na jumba la sinema, na redio haikungoja mtu akamilishe ubeti. Mwenye kuutaka wimbo kikamilifu, pamoja na mwendo wa mikono na mshono wa nguo, alilipa tiketi tena. Wanawake walikuwa na nafasi yao maalumu katika jambo hili, kwa kuwa majumba ya Zanzibar na Mombasa yaliwatengea maonyesho ya mchana ambayo wanaume hawakuingia, na huko filamu ilitazamwa, ikajadiliwa na kuimbwa kwa uhuru ambao onyesho la usiku halikuutoa. Siku za Idi maonyesho yaliongezwa, na filamu iliyochaguliwa kwa Idi mara nyingi ilikuwa ya zamani yenye jina, kwa maana mwenye jumba hakutaka kuhatarisha mapato ya sikukuu kwa kuonyesha kitu kisichojulikana.

Ni kweli kwamba biashara yenyewe iliisaidia desturi. Nakala ya filamu ya milimita 35 ilikuwa mzigo mzito wa mikebe kadhaa ya bati, iliyosafirishwa kwa meli na kwa treni, ikizunguka mji baada ya mji, na iliporudi ilikuwa na mikwaruzo ambayo mtazamaji wa kudumu aliijua kama anavyojua makovu ya rafiki. Tanzania ilipounda kampuni yake ya filamu ya taifa mwaka 1968 na kuikabidhi uagizaji, fedha za kigeni zikiwa chache, mikanda ya zamani ilizidi kurudishwa. Lakini uhaba unaeleza kwa nini mwenye jumba aliionyesha filamu tena; hauelezi kwa nini watu walikuja.

Vifaa vya video, vilivyoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, viliufikisha mchezo huu mahali ambapo jumba la sinema lilikuwa halijafika. Kanda ilitembea ndani ya mfuko wa msafiri kutoka Dubai, Mogadishu au Mombasa, na baada ya mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka na wakimbizi wakavuka mpaka kwa maelfu, Eastleigh ikageuka kuwa soko kubwa la bidhaa hizo, likianzia katika nyumba ya wageni ambayo, kwa sadfa yenye maana, iliitwa Garissa Lodge. Televisheni moja, mashine moja na jenereta moja ziliweza kuugeuza ukumbi wa mabati kuwa kibanda cha video. Barazani mwa watafunaji wa miraa, panapoitwa mafrishi, na katika vibanda vya mijini, filamu za Amitabh Bachchan zilipata maisha mapya, hasa Coolie ya mwaka 1983, ambamo anacheza nafasi ya Iqbal, mpagazi Mwislamu wa stesheni ya reli. Filamu hiyo ina jambo linaloonekana kana kwamba liliwekwa kwa ajili ya mtazamaji anayerudi: katika mapigano ambamo mwigizaji aliumizwa kweli mwaka 1982, hata akakaribia kufa, picha husimama kidogo na maandishi huonyesha kwamba hapo ndipo alipoumia, na ukumbi ulioiona filamu mara nyingi hunyamaza kabla ya picha kusimama.

Kibanda kilileta pia mtu wa kati. Katika Uganda, Tanzania na Kenya walitokea wafasiri wa papo hapo, ambao kwa kipaza sauti waliisimulia filamu juu ya sauti yake yenyewe, na nchini Kenya James Muigai, anayejulikana kama DJ Afro, alijipatia jina kubwa kwa usimulizi unaochanganya Kiswahili, Kikikuyu na Sheng. Filamu ileile ikisimuliwa na mtu mwingine ilikuwa, kwa hukumu ya wasikilizaji, filamu nyingine, na hivyo kurudia kukapata sababu mpya. Katika kambi za Dadaab, zilizopo katika kaunti ya Garissa na ambazo zilianza mwaka 1991 na 1992 kwa watu 90,000 lakini zikawa na zaidi ya watu 400,000 mwaka 2011, shirika la FilmAid, lililokuwa limeanza kazi Kakuma mwaka 2001, lilionyesha filamu usiku kwa pazia kubwa la nje, na vibanda vya wakimbizi wenyewe vilikuwapo kandokando.

Haipasi kudhani kwamba jamii yote iliiridhia sinema. Masheikh wengi waliiona kuwa ni mlango wa uasherati na upotezaji wa wakati wa sala, na hoja yao ilikuwa na nguvu katika mji ambao karibu wakazi wake wote ni Waislamu. Wengine walitofautisha filamu na filamu, na wazee waliokuwa wameipenda Mother India walidai kwamba hawakujifunza ndani yake isipokuwa haki ya mama. Upande wa pili wa mpaka mjadala huo ulimalizwa kwa amri mwaka 2006, pale Umoja wa Mahakama za Kiislamu ulipoutwaa mji wa Mogadishu na kumbi za video zikafungwa. Garissa haikupitia amri ya aina hiyo, lakini mashambulizi yaliyoufikia mji yaliukata usiku wake, na kafyu iliyowekwa mwezi wa Aprili 2015 katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia jioni hadi alfajiri, iliondoa saa zilezile ambazo sinema huishi ndani yake.

Kufikia hapo filamu ilikuwa imekwisha kuhamia kwingine. Studio za Wasomali, ambazo maarufu zaidi kati yake ni Fanproj, zilikuwa zimeanza kuzitilia filamu za Kihindi sauti za Kisomali, na aina hiyo, iitwayo Hindi Af-Soomaali, ikaenea kwa diski na baadaye kwa simu. Kwa kijana wa Waberi hiyo ndiyo filamu, na inaeleweka moja kwa moja. Kwa mtu wa umri wa baba yake, aliyekusanya maneno ya Kiurdu moja moja kwa miaka, sauti mpya ina upungufu ambao si rahisi kuueleza kwa asiyeyahifadhi maneno ya kwanza. Humsikia mwigizaji akisema Kisomali safi, na chini yake husikia sentensi aliyoizoea ikisubiri kutamkwa.

Mogadishu, Ukumbi wa Taifa uliofunguliwa mwaka 1967 baada ya kujengwa na wahandisi wa China, uliofungwa na vita na kushambuliwa kwa bomu mwezi wa Aprili 2012 muda mfupi baada ya kufunguliwa tena, ulionyesha filamu tarehe 22 Septemba 2021, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 30. Zilikuwa filamu mbili fupi za mwongozaji Ibrahim CM, Msomali, zikisema lugha ya watazamaji wake. Tiketi ilikuwa dola 10, bei ambayo wengi katika mji ule hawakuweza kuilipa hata mara moja.